Beti za Mtu Aliye Hai

Jumatatu, 11 Novemba

Nimemaliza shairi la yule mzee wa kanisani. Beti nane. Mazishi kesho saa nane mchana, binti yake amekuja kulichukua. Kabla hajafika nililisoma kwa sauti jikoni kama kawaida yangu, vidole vikihesabu mizani. Limekaa sawa. Limekaa sawa mno.

Baba amepumzika,
dunia ameivuka,
mbinguni ameshafika,
hana tena maumivu.

Ubeti huu nimewahi kuutumia. Nadhani mara tatu. Bahati nzuri marehemu hawasomeani.

Tangu nistaafu ualimu hii ndiyo kazi yangu. Mtu akifa hapa Masakta, watu wanakwenda kwa fundi wa majeneza, kisha wanakuja kwa Mwalimu. Wengine huleta kuku, wengine sukari, wengine asante. Sijawahi kukataa msiba.

Baba Neema alikuwa kibarazani anasikiliza. Nilipompelekea uji akasema, "Na langu?" Nikadhani ni utani, maana mume wangu hutania hata kwenye ibada. Haukuwa utani. Anataka asikie nitakachosoma siku ya kaburi lake. Asiposikia, haendi kupasuliwa.

Ana uvimbe kwenye utumbo mpana. Daktari wa upasuaji anakuja hospitali ya Katesh Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 21, siku moja tu. Tukiikosa, tunasubiri Januari. Ile siku ya Oktoba aliikwepa kwa kisingizio cha kuvuna mbaazi. Amekonda. Mkanda wake una tundu jipya, ametoboa mwenyewe kwa msumari wa moto.

Siku kumi. Nimekasirika mpaka nimemwaga uji.

Jumatano, 13 Novemba

Nimemwambia kumwandikia mtu shairi la kaburini akiwa hai ni kujitafutia mkosi. Akajibu kwamba anayekufa ni yeye, kwa hiyo mkosi ni wake. Halafu akaongeza kwamba kata nzima imesifiwa na mke wake, kasoro yeye. "Hata yule mwizi wa kondoo ulimwita taa."

Ni kweli, nilimwita taa. Nilikuwa natafuta kina.

Neema amepiga simu kutoka Arusha. Anasema nimwandikie baba yake chochote, nimwambie ni zuri, apande gari. Mtoto nimemzaa mwenyewe lakini ana akili za kalkuleta.

Nimekaa na daftari toka asubuhi hadi saa sita. Nimeandika "Baba". Nimefuta "Baba".

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda Katesh kuhakikisha jina lake. Lipo, la tatu kwenye orodha. Nesi amesema tufike Jumatano kabla ya saa saba, wampime damu, alale hapo. Nimemwambia atakuja. Nimesema kwa sauti ya mwalimu, ile isiyoulizwa swali. Nilikuwa nadanganya.

Nikapita Jorodom kumwona rafiki yangu, sikumkuta. Dukani mwanamke akaniamkia, "Shikamoo Mwalimu." Sikumkumbuka. Yeye ananikumbuka. Mwezi ujao utatimia mwaka tangu tope lishuke kutoka mlimani. Siku zile niliandika shairi moja kwa ajili ya wote waliofukiwa, nikalisoma mwenyewe mbele ya majeneza. Watu walilia. Nilijiona nimefanya kazi.

Akasema amekuwa akitaka kuniuliza kitu. "Mwalimu, ulisema wamepumzika. Wa kwangu alikuwa na miaka minne. Alikuwa amechoka na nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya. Nilimshika mkono, nikasema pole tu. Mimi, niliyefundisha ushairi miaka thelathini. Akalipia chumvi yake, akaniaga vizuri, akaondoka.

Njiani kurudi nilikuwa naona aibu hata kuutazama mlima.

Ijumaa, 15 Novemba

Hakuna mstari.

Amepata damu tena chooni. Amemwaga maji mengi akidhani sitaona.

Mchana amesimama shambani na jembe, anapanda mahindi kwenye udongo mkavu. Kila mwaka ni hivyo. Hangoji mvua. Kwa kila mwaka mmoja anaowahi, miwili mbegu zinaungua na tunanunua nyingine. Leo amepanda mstari mmoja akakaa chini. Nimemtazama kupitia dirishani, sikutoka. Ningetoka angejifanya mzima, na angeumia zaidi.

Siku sita.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimeshindwa. Nimefanya alivyosema Neema. Nimetoa daftari za zamani, nikachukua ubeti huku na ubeti kule, nikabadilisha majina. Beti kumi. Safari, taa, mti mkubwa ulioanguka, mbinguni ameshafika. Vyote vimo.

Naona aibu lakini nataka apone. Narudia mara moja kwa sauti nihesabu mizani, halafu nimsomee.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Mungu wangu.

Nilikuwa jikoni nasoma, mgongo umeelekea mlango. Nikafika pale pa "Baba Neema katutoka, leo tunamzika." Hapo kwa kweli nilianza kulia. Nje Mama Safari, jirani yetu, alikuwa anakuja kuazima ungo. Baba Neema alikuwa amehamisha kiti chake nyuma ya nyumba kufuata kivuli, kwa hiyo hakumwona. Alichosikia Mama Safari ni mwalimu analia jikoni na marehemu anatajwa kwa jina. Hakuingia. Alishika kichwa, akarudi njiani anapiga yowe.

Ndani ya nusu saa uwanja umejaa. Wanawake na mizigo ya kuni. Debe la mahindi, madumu ya maji. Wanaume na nguzo za turubai, wawili na majembe na sururu tayari. Mwenyekiti wa kitongoji na daftari la rambirambi. Nilitoka jikoni na karatasi mkononi, sikuelewa. Mama mmoja akanikumbatia, akaniambia nijikaze.

Ndipo Baba Neema akatokea nyuma ya nyumba, kikombe mkononi, kuangalia makelele ni ya nini.

Mwanamke mmoja alidondosha kuni zake mguuni pake mwenyewe wala hakulalamika. Mume wangu akatazama majembe, akatazama turubai, akaitikia shikamoo mbili za watu waliosalimia kwa woga. Kisha akaniangalia mimi na karatasi yangu. Akaelewa yote. Akacheka. Alikuwa peke yake kucheka.

Hapo ikaingia pikipiki kwa fujo. Gwandu. Mdogo wake wa tumbo moja. Mwaka wa sita huu hawajazungumza, kisa ni mpaka wa shamba, hatua nne za ardhi ambayo hata magugu hayaipendi. Alishuka bila kofia, machozi mpaka kwenye ndevu, akaenda moja kwa moja kuelekea mlango wa nyumba. Akampita kaka yake. Akasimama. Akageuka.

"Umekuja kunizika," Baba Neema akamwuliza, "au kupima ule mpaka?"

Gwandu akakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima wa miaka sitini.

Nilitaka ardhi inimeze. Wazee walikuwa hawacheki. Mtu akililiwa akiwa hai, wanasema, kile kilio hakina pa kwenda, kitakaa hapo hapo nyumbani kinamngoja. Lazima kiondolewe leo kabla jua halijazama, tena kwa slufay. Sala yetu Wairaqw, ile ndefu ya kusemwa mbele ya watu, mmoja anaongoza na wote wanaitikia kwa kuvuma pamoja kwa sauti nzito. Na hapa Masakta anayeijua vizuri ni mmoja tu. Baba yao alimfundisha mdogo, mkubwa alikuwa mbishi mno kufundishika.

Watu wote wakamwangalia Gwandu. Gwandu akamwangalia kaka yake. Baba Neema akaweka kikombe chini akasema, "Basi anza, nasikia njaa."

Akaanza kwa sauti ndogo. Nimejaribu kuyaandika kwa Kiswahili, hayakai vizuri:

Kilio hiki kimepotea njia, na kirudi kilikotoka.
Kiende na upepo, kisikute mlango wazi.
Mtu huyu na ale mahindi mapya.
Na ng'ombe walale wakicheua.
Na mwenye mimba ajifungue salama.
Mkono uliobeba jembe la kaburi na ubebe mbegu.

Kila mstari watu wanavuma. Uwanja mzima, wenye kuni, wenye sururu, hata mwenyekiti. Nilisikia ule mvumo miguuni. Hakuna vina, hakuna mizani, na ningempa mwanafunzi alama ya chini. Nilisimama pale na beti zangu kumi nikawaonea wivu.

Nimekuwa nikifikiri toka pale. Slufay haisemi mambo ni mazuri. Inajua si mazuri. Inaomba yawe, na inataka watu wote waombe kwa sauti moja. Mimi huwa nawaambia watu kwamba yameshakuwa mazuri, kisha napokea kuku naenda zangu.

Jumapili, 17 Novemba

Watu wamepika yale mahindi wakala, maana chakula cha msiba hakirudishwi. Gwandu alilala kwake lakini leo asubuhi amekuja na maziwa. Hawazungumzi sana. Wamekaa benchi moja.

Nilidhani baada ya jana atakubali kwenda. Amekataa. Anasema alisikia beti zote kumi akiwa nyuma ya nyumba. "Huyo uliyekuwa unamlilia simjui. Nilifikiri ni yule mzee wa kanisani."

Amesema kwa upole. Ukali ningeuvumilia.

Siku nne. Usoni ana rangi ya majivu.

Jumatatu, 18 Novemba

Tumegombana. Nimemwambia ni mbinafsi. Kwamba anatumia shairi kujificha, kwamba anaogopa kisu na hana ujasiri wa kusema, kwamba ataniacha mjane kwa sababu ya majivuno. Nimesema mengi. Majirani wamesikia, wasikie, wameshasikia makubwa zaidi.

Aliniacha nimalize. Halafu akaniuliza kwa nini nimewaandikia wote ila yeye ndiyo nashindwa.

Nikasema ukweli. Sikujua kama ndio ukweli mpaka uliponitoka. Naogopa. Sijawahi kumwandikia mtu beti halafu nikamwona tena. Nikimaliza kuandika, mtu anafukiwa. Ndivyo mkono wangu ulivyozoea. Mimi mwenye cheti cha ualimu, mzee wa kanisa, naogopa karatasi.

Hakucheka. Kisha akasema na yeye anaogopa, tena sana, na anaogopa zaidi kufa bila kujua kama miaka yote hii nilikuwa namwona.

Nimetoka kwenda kukamua ng'ombe. Nimemkamua vibaya, amenipiga teke.

Jumanne, 19 Novemba

Nimeandika leo asubuhi kwa hasira, bila kutafuta maneno. Beti mbili tu. Sikusoma kwanza jikoni. Nimekwenda moja kwa moja kibarazani, nikasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Gwandu alikuwepo, nikaona haya, lakini nikasoma.

Hupanda kabla ya mvua,
majirani wanajua,
mbegu zake huungua,
na kesho hupanda tena.

Amecheka mpaka ameshika tumbo. Gwandu naye. Gwandu akasema ni kweli tupu, baba yao alimchapa kwa hilo. Nilingoja wamalize. Nilijua kinachofuata.

Hubisha hata kwa ndoto,
ana hasira za moto,
aliyezika watoto
wawili, na hakukoma.

Hakuna aliyecheka. Hao ni wale wa kabla ya Neema. Wa kwanza siku tisa, wa pili karibu mwaka. Nimeandikia watoto wa watu, hao sikuwahi kuwaandikia hata neno. Hatuwataji. Kila mara alichimba mwenyewe, akarudi, akanawa, akaniuliza kama nimekula. Nilimchukia kwa swali lile. Nilidhani hana moyo. Imenichukua miaka thelathini na saba na uvimbe mmoja kuelewa lile swali.

Alitazama shamba. Akafuta macho kwa kiganja, waziwazi, mbele ya mdogo wake.

"Ule wa kwanza umenionea," alisema mwishowe. "Mwaka wa njaa mbegu zangu ziliota."

Nikamwambia zilioza. Akasema ziliota, Gwandu ni shahidi. Gwandu akasema yeye mwaka ule hakuwa anaongea na mtu. Tukabishana hadi chai ikapoa.

Halafu akauliza kesho gari linapita saa ngapi.

Jumatano, 20 Novemba

Tumefika Katesh saa tano. Gwandu ametusindikiza, amebeba begi, hataki nilishike. Wamempima damu, ni kidogo kuliko wanavyotaka. Nesi amesema daktari ataamua kesho. Sikutarajia hilo. Tumemburuza hadi hapa na bado wanaweza kuturudisha.

Gwandu ametoa chupa moja ya damu yake. Baba Neema amemwambia sasa ule mpaka hauna maana, nusu ya shamba itakuwa inatembea ndani yake. Wamecheka kama watoto. Mimi sikuweza.

Alhamisi, 21 Novemba

Saa mbili. Daktari amekubali. Wa kwanza badala ya wa tatu, kwa sababu hali yake haingoji.

Saa tatu kasoro. Wamemwingiza. Alinipa mkanda wake nishike. Hakusema neno la maana, alisema viatu vyangu vina tope.

Saa nne. Benchi. Gwandu ananong'ona slufay, midomo tu. Nimejikuta navuma.

Saa tano. Hakuna.

Saa sita. Nesi ametoka anakimbia. Amerudi na chupa nyingine ya damu. Nimetafuta sala zangu zote ninazozijua na zote zina vina. Zinateleza. Na aishi. Basi. Na aishi, na abishe.

Saa saba. Mlango haujafunguliwa. Namchukia daktari, namchukia Neema kwa kupiga simu kila dakika, nachukia mlango.

Saa nane na robo. Wametoa uvimbe. Alipoteza damu nyingi katikati, ndipo wakachelewa. Anapumua mwenyewe. Kipande kimepelekwa kupimwa, majibu baada ya wiki tatu au zaidi. Daktari ni kijana, macho mekundu. Nimemwuliza ni mbaya au si mbaya. Amesema, "Mama, kwa leo mwache awe hai."

Nimekaa chini sakafuni.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri. Bati la wodi linapiga kelele, hakuna anayelalamika.

Amekunywa uji mwepesi, vijiko sita. Amelalamika hauna sukari. Majibu bado. Sijui. Naandika hivyo hivyo, sijui, na leo neno halinitishi kama wiki iliyopita.

Baada ya uji akataka nimsomee beti zake. Nikamwambia hapa wodini kuna wagonjwa, si mahali pake. Akasisitiza. Nikasoma kwa sauti ya chini, zote mbili. Kwenye ubeti wa pili alikuwa ameshalala, mdomo wazi. Nikamaliza hata hivyo.

Kitanda cha jirani kuna mzee wa Kibarabaig kutoka Dirma, mfugaji, amevunjika nyonga, mguu umening'inizwa. Siku nne hajasema na mtu. Nilipokunja karatasi akaniita. "Mama Mwalimu. Hiyo ni ya kaburi?"

Nikasema ndiyo, ila mwenyewe bado yupo.

Akasema kwao mwanaume husifiwa kwa nyimbo siku nyingi baada ya kuzikwa, watu wanatoka mbali, wanaimba vizuri sana, na yule mwenyewe peke yake ndiye hasikii. "Mimi pia nataka kusikia," akasema. "Unaweza?"

Nikageuza ukurasa. Nikasogeza stuli karibu yake. Nikamwuliza ng'ombe wake wanaitwaje. Ametaja tisa, na rangi zao, kabla nesi hajaja na dawa.